Mashine ya Maneno na Mashine ya Namba

Mashine niliyoichagua haikuwa nzuri, na nilijua hivyo wakati naichagua. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kujisafisha. Zilikuwa mbili juu ya kaunta ya duka la spea, Bukoba mjini, na mimi nikachukua ile isiyotufaa, kwa akili zangu timamu, shemeji yangu amesimama pembeni anafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wake mume wangu, na mume wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Wote wawili hawakusomea ufundi darasani. Waliusomea vitani. Malori ya jeshi yalikuwa yanapita kwenda Kyaka, yanakwama kwenye tope, yanazima, na kijana yeyote aliyejua kushika spana alichukuliwa hapo hapo, hata kumuaga mama yake hapati nafasi. Walikwenda hivyo, mmoja ana miaka ishirini, mwingine kumi na saba, wakarudi na sanduku la spana na masikio ambayo sijayaona kwa fundi mwingine. Mume wangu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, mpini kwenye sikio, anafumba macho, halafu anakwambia ni vavu ya tatu. Na kweli ni vavu ya tatu. Walifungua gereji Kitendaguro, mabati juu ya nguzo za mkaratusi, na kwa miaka mingi masikio hayo yalitutosha.

Halafu ukaja ugonjwa. Sisi huku tulikuwa wa kwanza kuupata na wa mwisho kuutaja. Watu waliuita kwa jina la kitambaa cha magendo, wakauita silimu kwa jinsi ulivyokondesha watu, wakasema fulani karogwa na mwenzake wa biashara. Hospitali nao wanakuandikia kifua, wanakuandikia homa. Mume wangu aliandikiwa kifua. Nilimwogesha miezi saba na kifua chake hicho, na hakuna ndugu yake wa kiume aliyekanyaga chumbani isipokuwa huyu mdogo wake. Yeye na mkewe walikuwa wakija kila siku, mke anafua mashuka bila kukunja pua, mume ananyoa ndevu za kaka yake. Sisahau.

Tulipoondoa matanga, ukoo ulikaa nyumbani kwa baba mkwe, Izigo, kule Muleba. Baba mkwe hakuwa mtu wa makelele. Alizungumza polepole kama anayesoma somo la kwanza kanisani. Akasema mwanawe hakuacha mtoto wa kiume. Ameacha wasichana wawili, na wasichana huolewa. Kwa hiyo gereji, na kiwanja chake, na nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma yake, virudi kwa ukoo, na mimi nirudi kwetu Kanazi nikapumzike. Kupumzika! Gereji ile ndiyo ilikuwa kula kwetu, kulala kwetu na shule ya wanangu. Kwetu Kanazi kibanja cha migomba kilikuwa kimekwisha kugawiwa kaka zangu, hata mgomba mmoja wa kujifunikia sikuwa nao. Nikiikosa gereji nimekwisha, mimi na wanangu, na kila mtu aliyekaa sebuleni pale alilijua hilo.

Aliyenitetea ni shemeji. Alisimama akamwambia baba yake, "Tata, wateja wanamjua yeye. Barua za mashirika anaandika yeye. Mwacheni mpaka kahawa iive, mwone kama hawezi."

Baba mkwe alikubali upesi mno. Nilishangaa, nikadhani Mungu kamgusa. Nikatoka kwenda jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta shangazi mmoja anawaambia wenzake waliokuwa wakimenya ebitoke, ndizi za kupika, "Mpaka kahawa iive na yeye atakuwa ameshamfuata mumewe. Kugombana kwa nini?" Wenzake wakaguna, wakaendelea kumenya. Mawe, mama yangu! Hata sauti hawakupunguza. Nilirudi sebuleni nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, nikamshukuru hivyo hivyo.

Sikufa, kama mnavyoona. Lakini gereji ilitaka kufa. Miaka ile magari yalibadilika ghafla. Mashirika yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi yalileta magari mapya, na watu wenye vijisenti wakaanza kuagiza visaluni vilivyotumika kutoka Japani. Injini zake zilikuwa na kompyuta. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, gari linakohoa, shemeji anaweka bisibisi yake sikioni, hasikii kitu. Ugonjwa uko kwenye waya, na waya hauna sauti. Wateja wakaanza kupeleka magari Mwanza kwa meli. Nikaona wazi kwamba kahawa itaiva gereji ikiwa tupu, na baba mkwe hatahitaji hata kuitisha kikao.

Nikauza pikipiki ya marehemu bila kumuuliza mtu, nikaenda na shemeji kwa mzee wa duka la spea. Mzee yule ni Muhindi aliyezaliwa hapa hapa. Wenzake karibu wote walikwisha kuhama, yeye kabaki na duka lake na Kihaya chake kizuri kuliko cha binti zangu. Alikuwa ametuagizia mashine mbili za kupimia magari ya kompyuta ili tuchague moja, na akazieleza kwa haki, sina la kumlaumu.

"Mama," alisema, "hii ya kijivu inatoa namba tu. Namba unaitafuta kwenye kitabu, kitabu kina michoro ya kifaa chenyewe. Ina vichwa vitano vya kuchomekea, vya Mjapani vimo. Hii ya bluu inakuandikia maneno kamili ya Kiingereza, nzuri kwa macho, lakini kichwa ni kimoja. Itasoma magari mapya yenye soketi chini ya usukani. Hivi visaluni vya hapa havitaingia. Mimi ningekuwa wewe, kijivu."

Shemeji akaichukua ile ya kijivu. Akafungua kitabu, akapitisha kidole chenye grisi juu ya mchoro mmoja, mchoro wa pili. Uso wake ukafunguka. Tangu msiba sikuwa nimemwona hivyo.

"Shemeji," akasema, "hii hata mimi naiweza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza, au niseme ndiyo iliyomponza yeye. Maana kama anaiweza, mimi ni wa nini? Baba mkwe atasema fundi ni mwanangu, mashine anaijua mwanangu, huyu mwanamke anangoja nini hapa? Shemeji alikuwa ameishia darasa la saba, Kiingereza chake ni kile cha kusoma maboksi ya spea. Mimi nilisoma kwa masista, nikapiga taipu miaka sita kwenye ofisi ya ushirika. Mashine ya maneno ingehitaji mtu wa kuisoma, na mtu huyo Kitendaguro nzima nilikuwa mimi. Nilifikiri haya yote kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Woga hufanya kazi haraka.

"Tunachukua ya bluu," nikasema.

Mzee wa duka akanitazama juu ya miwani. "Mama, una hakika?"

"Nina hakika."

Shemeji akakifunga kile kitabu taratibu, akakirudisha juu ya mashine ya kijivu. "Sawa," akasema, "wewe ndiye uliyesoma." Akabeba boksi la bluu mpaka Kitendaguro kwa miguu, na njiani akanizungumzia habari za senene kuchelewa mwaka ule.

Mwanzoni ilikuwa raha, nisidanganye. Magari ya mashirika yalirudi. Dereva anasimamisha gari, mimi natoka ndani na kitenge changu, nachomeka waya chini ya usukani, maneno yanatembea kwenye kioo, namgeukia shemeji namwambia kwa Kiswahili ni kifaa gani. Yeye anakwenda moja kwa moja, anakifungua, anakisafisha au anakibadilisha, gari linaondoka. Wakaanza kuniita daktari. Baba mkwe alipita siku moja akitokea hospitali ya mkoa, akasimama kunitazama nikisoma, mikono nyuma. Aliondoka bila kuuliza ninaondoka lini. Usiku wake nililala usingizi wa kweli.

Shemeji akaniomba nimfundishe. Aliomba kwa adabu, tukila chakula cha mchana alicholeta mkewe. Mkewe huyo alikuwa akitoka na kikapu kichwani kila siku ya Mungu, ebitoke na maharage, na anangoja tumalize ili arudi na vyombo.

"Maneno yenyewe si mengi," shemeji akasema. "Yanajirudia. Ukiniandikia ishirini tu, nitayakariri."

"Tutaona," nikasema.

"Mfundishe, dada," mkewe akasema akicheka. "Nyumbani ananisumbua, anataka nimsomee hata dawa ya mswaki."

"Tutaona, nimesema."

Kesho yake nikasingizia kichwa. Wiki iliyofuata nikasingizia barua. Akiniuliza najifanya hamnazo, naita mteja, natafuta kalamu niliyoishika mkononi. Mtu mzima na akili zangu, namkimbia mtu kwenye gereji ya hatua kumi na tano! Akaacha kuuliza. Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa.

Na visaluni? Visaluni ndivyo vilikuwa vingi mjini, na mashine yangu ya bluu haikuviingia, kama mzee wa duka alivyosema. Nilikuwa nawaambia wenye navyo kwamba mashine inapumzika. Siku moja dereva wa kutoka Kampala akamwonyesha shemeji kitu. Ndani ya boneti ya magari yale kuna kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko. Unakifungua, unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili, unawasha swichi. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Mara mbili, inatulia, mara mbili: sensa ya joto la maji. Mara nne, inatulia, mara moja: sensa ya pedali ya mafuta. Gari linajisema lenyewe, bila mashine, bila Kiingereza, bila mimi.

Jamani, mtu yule alifurahi! Kila kisaluni kilichoingia alikiunganisha waya, anahesabu kwa vidole, kisha anatafuta kwa mikono kifaa gani kimeharibika, na akikipata anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma. Namba upande huu, jina la kifaa upande ule, kwa Kiswahili chake cha darasa la saba. Ndani ya miezi miwili ukuta ulikuwa na namba kumi na nne. Alikuwa amejitungia kile kitabu cha mashine ya kijivu, namba moja moja, huku anakohoa na suruali inamshuka kiunoni. Fundi wa Mwanza aliposikia alituma mtu aje azinakili. Shemeji akampa bure, na chai akamnunulia.

Kila mtu angejivunia ndugu wa namna hiyo. Mimi nilikuwa nautazama ukuta ule nahesabu siku. Kahawa ilikuwa inaanza kuwa nyekundu. Baba mkwe alikuwa ameleta habari kwamba atakuja na wazee wawili Jumamosi, waone kazi, waseme neno la mwisho. Nikawaona akilini wamesimama mbele ya ukuta, wanasoma. Wazee wale Kiswahili wanasoma.

Ijumaa nilimwambia shemeji akapumzike mapema. Alipoondoka nikakoroga chokaa kwenye ndoo, nikaupaka ukuta wote. Nikampa binti yangu mkubwa brashi ya pili anisaidie. Akaniuliza, "Mama, baba mdogo kasema tufute?" Nikamwambia wageni wanakuja, gereji iwe safi. Tulipaka mara mbili, maana mkaa ulikuwa unajitokeza.

Asubuhi shemeji aliingia, akavua kofia, akautazama ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Niliandaa kabisa: nitasema sikujua, nitasema ni mtoto. Hakuniuliza. Alikwenda akaushika ukuta kwa kiganja, akatazama weupe uliobaki mkononi, akaufuta kwenye ovaroli. Kisha akaanza kupanga spana. Nilimchukia kwa kutonigombeza, Mungu anisamehe, nilimchukia kweli.

Wazee walikuja saa nne. Mke wa shemeji aliwaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti, akaondoka akasimama mlangoni. Nikawaonyesha mashine kwenye gari moja la shirika, wakatikisa vichwa. Lakini baba mkwe hakuwa mjinga. Akamgeukia mwanawe.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Niambie mbele ya watu hawa. Huyu akienda kwao, wewe peke yako unaweza kuendesha kazi hii?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye tairi, akasimama kwa kujisukuma kwenye magoti. Kukohoa kukamzuia kidogo. Kama angesema ndiyo, lingekuwa neno la kweli, na watoto wangu wangelala njiani.

"Siwezi, Tata," akasema. "Magari ya sasa yanataka kusoma. Bila shemeji mimi ni kipofu. Mkimtoa yeye, fungeni na gereji."

Wazee wakatazamana. Kisha baba mkwe akasema basi, mwanamke abaki, gereji na nyumba viwe vyake na wanawe, na ukoo usimfuate tena. Mzee mmoja alikuwa mwandishi wa zamani wa mahakama ya mwanzo. Akaliandika hilo papo hapo, wakatia saini, baba mkwe akaweka dole gumba. Tukatafuna kahawa. Lilikwisha kwa muda mfupi kuliko kufungua gurudumu.

Walipoondoka nilibaki nimesimama pale. Nilitaka kusema asante, nikainama kuokota maganda ya kahawa. Shemeji alikuwa ameketi tena kwenye tairi.

"Nilijua tangu dukani," akasema. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. "Nilipokwambia hata mimi naiweza, nikaona uso wako. Nikajua nimekosea kusema. Mjane ashike kitu mkononi. Ila ukuta, shemeji... ukuta ungeniambia tu. Ningeufuta mwenyewe."

Nikamwambia anywe uji aliomletea mkewe, kabla haujapoa. Ndiyo niliyomjibu, hayo tu. Niliokolewa na mtu niliyemnyima maneno ishirini, na sikuwa na hata neno moja la kumpa.

Alikufa mvua za masika zilipoanza. Naye walimwandikia kifua. Mkewe alimwogesha, nami nilikwenda kila Jumapili, na nilifua mashuka, sikukunja pua, lakini kufua mashuka hakufuti kitu. Tulimzika Izigo kwenye kibanja cha baba yake, karibu na kaka yake.

Tulipoondoa matanga yake, ukoo ulikaa sebuleni mle mle. Baba mkwe alikuwa amezeeka ghafla, lakini sauti ni ile ile ya somo la kwanza. Akasema mwanawe wa pili naye hakuacha mtoto wa kiume, ameacha binti mmoja. Nyumba aliyojenga na kipande cha kibanja alichopewa virudi kwa ukoo. Mjane arudi kwao akapumzike.

Yule mwanamke alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, kichwa kimenyolewa, mtoto kalala miguuni kwake. Hakulia. Aligeuka akanitazama mimi, si mwingine, maana alikuwa mlangoni siku ile, alisikia mumewe alichosema. Na alijua ilikuwa uongo, kwa sababu mumewe alikuwa akimhesabia namba za ukutani nyumbani kila jioni. Alingoja. Nami nilikuwa na maneno yote tayari kifuani: Tata, mwacheni mpaka kahawa iive. Tata, aje kwangu gereji, nyumba tutagawana. Lakini nikiufungua mdomo nao wataifungua karatasi yangu. Mtu atauliza, ikiwa fundi amekufa, gereji ya huyu bado inasimama kwa nini? Mashine ya bluu peke yake inafungua hata nati? Nikatazama mikono yangu.

Mwenyekiti wa kikao akazunguka mmoja mmoja, kama desturi ilivyo. Alipofika kwangu akaniuliza kama nina neno.

"Sina," nikasema.

Akanipita, akaenda kwa mwingine. Jioni nilipanda gari kurudi Bukoba, na Jumatatu nikafungua gereji saa mbili kama kawaida.